Kamba Iliyonyooka Mno

Picha yake niliiona gazetini, katika kurasa za matangazo ya vifo, ambazo kwa umri wangu ndizo ninazoanza kusoma kabla ya habari za walio hai. Uso sikuutambua. Niliutambua mkono. Alikuwa ameupumzisha juu ya goti, vidole vimekunjika kidogo kuelekea kiganjani, kama mtu aliyeshika yai asilotaka lionekane. Nikajiambia, huyu ni Gitau. Halafu nikajiambia huenda si yeye, nikaenda kutafuta miwani nyingine, nikalipeleka gazeti dirishani, nikasoma jina mara ya tatu. Hivyo ndivyo nilivyo tangu ujana. Jambo nisilolirudia naona kama sijalifanya. Mjukuu wangu alinitoa Thika kwa gari lake asubuhi ya mazishi, na njia nzima aliniuliza marehemu alikuwa nani kwangu, nami nikamjibu, "Tulilazwa pamoja," jibu ambalo ni kweli na halina maana yoyote.

Nyumba ilikuwa Kahawa Sukari, miongoni mwa nyumba za mawe na mageti meusi, mahali ambapo nikifumba macho bado naona mibuni tu. Walikuwa wamesimamisha hema uani, viti vya plastiki vyeupe vimepangwa, na nyuma ya nyumba mvuke wa sufuria za wali na viazi ulikuwa ukipanda juu ya ukuta. Kijana mmoja mwenye sauti nzuri alisoma wasifu wa marehemu. Alisoma ndoa, watoto, ng'ombe, kanisa. Alipofika ujana wake alisema, "Katika miaka ya hamsini marehemu alifanya kazi ya serikali," akageuza ukurasa upesi. Mzee aliyekaa nyuma yangu alicheka puani. "Kazi ya serikali! Ĩĩ, tunaijua hiyo kazi." Mwenzake akamnong'oneza, "Nyamaza, wewe umekuja kula tu." Yule wa kwanza akajibu, "Nimekuja kuhakikisha." Niliangalia viti vilivyotengwa kwa wazee wa rika lake. Vilikuwa vingi, na vingi havikuwa na mtu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa kwenye safu za wageni, karibu na njia ya kutokea, kwa sababu tangu mwaka ule sijajua kama mtu huyu alikuwa mfadhili wangu au mtego wangu, na nilikuwa nimekuja kumzika bila kujua.

Habari za ukoo wangu nitawaachia wengine. Mwaka ninaotaka kuueleza ulianza katika karakana ya Bwana Harnam, Kalasinga aliyekuwa akiunda mabodi ya malori karibu na reli pale Thika, wakati wa Hali ya Hatari. Mimi nilikuwa kijana wake wa kuandika maandishi. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza herufi kutoka kwenye mikebe ya maziwa, magunia ya unga na mabango ya maduka ya Wahindi. Mchana wenzangu walipokwenda kula, mimi nilisimama ng'ambo ya barabara nikitazama jinsi herufi ya duka fulani ilivyopinda, na jioni niliichora kwa kaa juu ya ubao wa kitanda changu. Kiingereza kidogo nilichokuwa nacho kilitoka huko huko, kwenye mikebe. Nilikuwa kijana wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuushika. Nikimaliza bango nalitazama kutoka mbali, natoka nje, narudi ghafla ili nilifumanie, kana kwamba kosa lilikuwa limejificha likisubiri niondoke. Herufi ya S ndiyo iliyonitesa kuliko zote. Tumbo lake la juu likiwa dogo inaonekana kama inaanguka, likiwa kubwa inaonekana kama inakudharau.

Siku nilipoumia nilikuwa nimemaliza bango la duka la nguo, herufi nyekundu juu ya bati jeupe, na S zake, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, zilikuwa zimekaa. Nililiegemeza ukutani likauke. Likaanza kuteleza. Mtu mwenye akili angeliacha lianguke. Mimi niliona rangi ikichubuka hata kabla haijachubuka, nikalidaka kwa mkono wa kulia, na lile bati, ambalo makali yake yalikuwa hayajakunjwa, likapita katikati ya kiganja changu kama kisu kinavyopita kwenye papai. Bwana Harnam alikuja mbio na kitambaa cha mafuta mkononi. "Mjinga wewe! Bati naanguka, wewe acha anguke! Bati iko mingi, mukono iko mbili tu!" Alikuwa akilia. Nakumbuka nilimwuliza kama bango limechubuka.

Sasa fikiria kumweleza askari wa wakati ule kwamba kijana Mkikuyu anayefanya kazi kwenye karakana ya chuma amekatwa kiganja kwa sababu hakutaka herufi zichubuke. Watu walikuwa wakikamatwa kwa kutengeneza bunduki za mabomba, na zile bunduki mara nyingi ziliwalipukia waliozitengeneza. Askari alinisikiliza mpaka mwisho, akamtazama mwenzake. "Ati rangi," alisema. "Umesikia? Ati alikuwa anaokoa rangi." Bwana Harnam alinitetea kwa sauti kubwa mno, na hilo nalo likaonekana baya. Nilishonwa, nikapelekwa katika hospitali ndogo iliyokuwa katikati ya mashamba ya kahawa upande wa Ruiru, na ofisa mmoja Mzungu akasimama miguuni pa kitanda changu, akanieleza mambo yalivyo. Daktari amekataa nitolewe wakati siwezi hata kufunga vifungo vya shati langu. Basi nitabaki. Mkono ukipona, nitapelekwa kusimama mbele ya gakunia.

Msomaji kijana huenda hamjui gakunia. Alikuwa mtu aliyevikwa gunia kutoka kichwani, lenye matundu mawili ya macho. Mlipangwa mstari, mkapita mbele yake mmoja mmoja, naye hakusema neno. Akitikisa kichwa upande huu ulirudi nyumbani. Akitikisa upande ule ulipanda lori. Hukujua ni jirani yako, ni shemeji yako, au ni mtu uliyemwandikia bango akasema limepinda. Mimi sikuwa nimefanya lolote, na usiniulize kama nilikula kiapo, kwa maana wakati ule swali hilo liliulizwa na watu wa kila upande na halikuwa na jibu salama. Nililojua ni hili: mkono ukipona, gakunia. Mkono usipopona, herufi basi. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mzee aliyevunjika mguu, aliniwekea mambo vizuri zaidi siku ya kwanza tulipokula githeri, mahindi na maharage, pamoja. "Hapa, kijana," alisema huku akitoa jiwe kinywani, "pona polepole."

Palikuwa na chumba nyuma ya wodi, zamani stoo ya kahawa, ambacho wagonjwa walikiita chumba cha kazi. Harufu ya kahawa mbichi ilikuwa bado imo kwenye mbao. Dirisha lake moja lilitazama jikoni, kwa hiyo tulijua chakula cha mchana kabla hakijaiva, na kwa kawaida kilikuwa kabeji. Mwenye chumba alikuwa mwanamke Mzungu mrefu, mwenye viatu vya kanda, tuliyemwita Misi. Kazi yake haikuwa na jina kwetu. Hakuwa nesi, hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa kuirudishia mikono kazi. Aliuchovya mkono wangu kwenye nta ya moto, akauvua kama glavu ya mshumaa, akaubandua, akaanza kukunja vidole kimoja kimoja kwa subira ambayo sijaiona tena kwa mtu yeyote. Kisha alichukua kipimo cha bati chenye mikono miwili kama bikari, akakiweka kwenye kifundo cha kila kidole, akaandika namba kwenye kadi. "Kunja," alisema kwa Kiswahili cha mashamba. "Funga mukono. Kama ngumi. Eeh, tena."

Mwanamke Mzungu, katika Hali ya Hatari, akimwomba Mkikuyu akunje ngumi! Nilimtazama usoni nikitafuta mahali uongo ulipo. Kwa nini apime? Kwa nini aandike? Namba zile zinaenda kwa nani? Niliona siku moja ofisa amesimama naye kivulini wakiangalia kadi, na tangu hapo nikajua, au nikadhani najua. Basi nikaanza kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, kazi ya kuuzuia mkono wangu mwenyewe. Vidole viwili vya mwisho, cha pete na kidogo, niliviacha vigumu kama vijiti. Aliponikunja nilikaza. Aliposema nikunje mwenyewe nilikunja uso badala ya mkono. Siku moja aliacha kukunja, akanishika kifundo. "Sikia, Kariuki. Hii kidole, kama hapana kunja mwaka hii, hapana kunja tena. Nafahamu?" Nilisema nafahamu. Nilifahamu kabisa. Ndiyo maana nilikuwa nikitoka mle ndani shati limelowa jasho.

Gitau aliletwa baada ya mvua ndefu. Alikuwa ngati, mmoja wa wale askari wa nyumbani waliokaa kwenye posti zenye mahandaki na kuvilinda vijiji vipya ambamo watu walikuwa wamehamishiwa kwa nguvu. Alikuwa mkubwa kwangu kidogo, kifua kipana, sauti ndogo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepondwa. Mara ya kwanza alisema mlango wa nyuma wa lori ulimwangukia. Mara ya pili, kwa mtu mwingine, alisema aliteleza handakini. Nilizisikia hadithi zote mbili na nikaziweka. Misi alimketisha kwenye meza yangu, mbele yangu kabisa, ingawa palikuwa na meza nyingine tupu, na nikajua ameletwa kunitazama. Hatukusemezana kwa siku nyingi isipokuwa mambo ya chumvi. "Nipe chumvi, mũrata." "Shika." Neno mũrata, rafiki, alilitamka kama mtu anayeweka kikombe mezani bila kutaka kisikike.

Halafu Misi akaleta katani. Alikuwa ameona wanawake wa huko wakisokota kamba za vyondo, vile vikapu vya kusuka, nyuzi zimelazwa juu ya paja, kiganja kimefunguka wazi kinazisukuma mbele na kuzirudisha, na akafurahi kama mtu aliyeokota dawa njiani, kwa sababu hilo hasa ndilo alilokuwa akitaka tufanye na hatukulifanya kwake. Akamwita Cucu Wangari atoke jikoni atuonyeshe. Cucu, yaani bibi, alikuwa mpishi wetu wa uji na githeri, mfupi, mwenye masikio yaliyotobolewa kwa mtindo wa zamani. Alikaa chini, akapandisha nguo kidogo juu ya goti, akasokota. Sisi wanaume tulitazama juu darini. Miongoni mwetu mwanamume hasokoti kamba ya kiondo. Ni kazi ya mama yako na dada zako, na mwanamume kulifunua paja lake mbele ya watu na kusokota ni kichekesho cha kumfuata mpaka kaburini. Mzee wa mguu uliovunjika alisema kwa sauti, "Cucu, na sisi tutatobolewa masikio lini?" Watu wakacheka. Cucu hakuinua uso. "Mlikuja hapa na mikono au mlikuja na ndevu?" alisema. "Kama ni ndevu, mimi sina dawa. Kama ni mikono, kaeni chini. Mwanamume anayelishwa uji na mimi kwa kijiko anaogopa nini tena?"

Tukakaa. Kila mtu alipewa kikapu cha kuwekea kamba yake, na kila kikapu kilifungwa kitambaa kwenye mpini. Changu kilikuwa cha bluu, cha Gitau chekundu. Na hapo ndipo shida yangu ya kweli ilipoanza, kwa maana kipimo cha bati nilikuwa nimeshajua kukidanganya, lakini kamba ni kitu kingine. Kiganja kisipofunguka sawasawa, kamba hutoka na manundu: hapa nene, pale nyembamba kama mkia wa panya. Kiganja kikifunguka, inatoka laini toka mwanzo hadi mwisho. Ili niendelee kuwa mgonjwa ilinibidi nisokote kamba mbaya, na kuisokota kwa makusudi, kila siku, na kuitazama. Sidhani ninaweza kumweleza mtu asiye na ugonjwa wangu jinsi nilivyoteseka. Nilisokota manundu na moyo ukanikereketa kama mtu anayesikia msumari ukikwaruza bati. Nyakati nyingine mkono ulinitoroka ukasokota hatua kadhaa nzuri, nikashtuka, nikaziharibu.

Cucu Wangari alikuwa akipita alasiri kukusanya vikapu na kuvipanga juu ya rafu. Alipenda kupitisha kamba vidoleni bila kuitazama, akizungumza mambo mengine. "Kamba namjua mwenye nayo hata nikifumbwa macho," alituambia. "Kila mkono una tabia zake." Siku moja akimwekea Gitau uji alimwuliza, kwa adabu, yeye ni wa posti gani. Gitau akamtajia. Bakuli lilibaki hewani. "Basi mimi nakaa chini yenu," Cucu alisema. "Nyumba yangu ya zamani ilichomwa na vijana wa posti hiyo. Na ghala la mahindi." Gitau alikuwa ameshika kijiko kwa mkono wa kushoto, naye alikitazama kile kijiko tu. Kisha Cucu akaweka bakuli mbele yake, akalizungusha upande wenye ufa ukae mbali na mdomo wake, kama alivyotufanyia sote, akasema, "Kula, mwanangu, unapoa." Niliwaza kwamba huyo ni mwanamke mwenye moyo mkubwa, au ni mwanamke anayengoja. Kisha nikasahau.

Misi akaenda likizo. Alisema atarudi mwisho wa mwezi, akamwachia Cucu ufunguo wa chumba. Sitasahau utulivu wa siku zile. Hakuna kipimo, hakuna kadi. Nikajiruhusu. Nilijiambia nitasokota kamba moja nzuri, moja tu, ya kujua mkono umefika wapi, halafu nitaifumua kabla hajarudi. Nilikaa chini, nikakunja suruali, nikafungua kiganja chote, vidole viwili vile vikaniuma kama meno, na kamba ikaanza kutoka. Ilitoka nyembamba, sawasawa, inang'aa kidogo. Nilisokota mpaka katani ikaisha. Nilipoinua uso Gitau alikuwa ananitazama.

"Kamba yako imenyooka mno," alisema, "kwa mtu asiye na mkono."

Nikasema mambo ya kipumbavu, kwamba ni katani ya leo, ni laini. Yeye akainamia kamba yake. Na kwa sababu nilikuwa nimeogopa, niliitazama ile kamba yake kwa mara ya kwanza kama fundi anavyotazama kazi ya fundi, na nikaona. Manundu yake yalikuwa ya uongo. Mkono mgonjwa hukosea ovyo. Huyu alikosea kwa mpangilio, shubiri nzuri, nundu, shubiri nzuri, nundu, kama mtu anayekumbuka kukosea. "Na yako," nikasema, "imepinda kwa bidii sana." Tukatazamana. Alikuwa na macho mekundu kidogo, ya mtu asiyelala. Nilitaka kumwuliza kwa nini ngati ajifanye mgonjwa, nikaona jibu: ili akae mezani kwangu. Yeye naye, sasa najua, alitaka kuniuliza kwa nini mtu wa karakana ajifanye mgonjwa mbele ya ngati, akaona jibu lake: ili amtazame. Hakuna aliyeuliza. Tulirudi kwenye kazi, wanaume wawili waliofunua mapaja, kila mmoja ameshika siri ya mwenzake kama mtu aliyeshika kaa la moto na hana pa kulitupa.

Kamba yangu sikuifumua. Kila jioni nilisema kesho. Ilikuwa kitu cha kwanza kilichonyooka kutoka mkononi mwangu tangu bango lile, na sikuweza. Niliificha chini kabisa ya kikapu cha bluu, nikaifunika kwa mbaya. Misi akarudi kabla ya siku yake. Alikuja asubuhi, tukiwa bado tunakula, na ofisa nyuma yake. Vikapu vilikuwa vimeshashushwa kutoka rafuni na kupangwa mezani, mbele ya nafasi zetu. Misi alikuwa na haya kidogo na fahari kidogo, kama mwalimu siku ya ukaguzi. Alimweleza ofisa kwa Kiingereza, na mimi kwa Kiingereza changu cha mikebe nilielewa vya kutosha: kwamba kipimo kinaweza kupotosha mtu akiwa na maumivu, lakini angalia kamba, kamba inaonyesha mkono ulivyo. Akatia mkono kwenye kikapu cha bluu. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa ameshika kamba yenye shubiri nzuri, nundu, shubiri nzuri, nundu. Aliitazama akatikisa kichwa kwa huzuni. Akaenda kwenye kikapu chekundu, akavuta, na kamba yangu ikatoka, ndefu, imenyooka, ikaendelea kutoka.

"Nani hii?" ofisa aliuliza.

"Gitau," Misi alisema, na uso wake ukafunguka kwa furaha. "Gitau! Mzuri sana! Kwa nini wewe naficha?"

Gitau aliitazama kamba, kisha akanitazama mimi. Muda wa kutazama ulikuwa mfupi. Nimeurudia mara nyingi kuliko jambo lolote maishani mwangu, na mimi ni mtu wa kurudia. Angeweza kusema, hiyo si yangu, ni ya Kariuki. Maneno machache, nami ningekuwa kwenye lori. Hakuyasema. Nilielewa kwamba ni yeye aliyebadilisha kamba, kwamba alinionea huruma, au kwamba ananifunga kwa deni nitakalolipa siku atakapotaka, na sikujua ni lipi. Alisimama, akanyoosha mkono ule uliopondwa, akaufungua wote mbele yetu, vidole vitano vimetandazwa, akachukua kofia yake. "Haya, Kariuki," alisema. "Kaa na mkono wako." Nikasikia lori likiwashwa. Cucu Wangari aliingia na uji, akamimina mgao wa Gitau juu ya wangu mpaka bakuli likafurika kidogo. Nilidhani ni kwa kuwa umebaki.

Mimi waliniacha. Ofisa alipoteza hamu na mkono mfu, na baadaye nikapewa pasi ya kurudi Thika. Misi hakuchoka nami hadi siku ya mwisho, akikunja, akichovya nta, akinisihi, na sasa nilikuwa nakunja kweli, kwa nguvu zangu zote, usiku na mchana. Kidole cha pete kilirudi. Kidogo hakikurudi. Alikuwa amenionya. Nimeandika mabango ya Thika maisha yangu yote kwa vidole vinne na kimoja kilichosimama kando kama mtazamaji, na ukitazama S zangu kwa makini, zinaegemea. Bwana Harnam alisema zina uhai. Mimi nilijua zinaegemea. Na kila nilipomaliza moja niliwaza, Gitau yuko wapi, na atakuja lini kudai. Nilisikia baadaye kwamba alibaki kwenye posti mpaka posti zikavunjwa. Nikasikia pia ya watu wa posti ile na nyumba walizozichoma. Nikajiambia, basi alikuwa wao tangu mwanzo, na nikapata nafuu ambayo haikudumu. Aliishi Mwiki, Ruiru, mwisho hapo Kahawa, mwendo mfupi tu kutoka Thika kwangu, kwa miaka mingi, na sikuwahi kumtafuta.

Baada ya maziko, binti yake mkubwa, Nyambura, mwanamke wa makamo mwenye leso nyeusi, alikuja kunisalimu kwa kuwa hakunijua. Aliniletea sahani mwenyewe. "Baba, tumefurahi umekuja. Ulimjua wapi?" Nikamwambia hospitali, Hali ya Hatari, chumba cha kazi. Nikamwambia jina langu. Sahani ilibaki mkononi mwake.

"Kariuki wa karakana," alisema. "Wa kamba."

"Alikuambia?"

"Mara moja tu, akiwa mgonjwa mwaka jana." Alivuta kiti akakaa, akasema kwa sauti ya chini, kwa sababu wale wazee wawili walikuwa nyuma yetu. "Ule mlango wa lori haukumwangukia. Aliuangusha mwenyewe, na mkono wake ukiwa chini yake. Walikuwa wametumwa kuchoma nyumba, akaona afadhali mkono. Alitaka usipone, mpaka yaishe. Halafu kijana mmoja wa Thika akambadilishia kamba, akarudishwa posti. Mkono mzima haukuwa na kisingizio tena." Alinitazama. "Nikamwuliza, kwa nini hukumtaja? Akasema, mtoto yule angekufa. Akasema alimtazama ajue kwamba amejua, basi."

Kwa hiyo ule mtazamo haukuwa zawadi. Ulikuwa wa kusema, kumbe ni wewe. Miaka yote hiyo mimi nikidhani amenibadilishia, yeye akidhani nimembadilishia, na kati yetu palikuwa na rafu, na vikapu viwili, na ufunguo katika mfuko wa aproni ya bibi aliyeijua kamba ya kila mtu akiwa amefumba macho, ambaye nyumba yake ilikuwa majivu. Nikaona uji ukifurika bakulini mwangu. Sina ushahidi. Nina shaka tu, na shaka nimeishi nayo vya kutosha kujua inavyofanya kazi. Kama ningemtaja Cucu Wangari pale, marehemu wa zamani asiye na wa kumjibia, ningekuwa mimi ndiye ninayetikisa kichwa ndani ya gunia.

"Si mimi," nikasema. "Nyambura, si mimi niliyebadilisha."

Nilitaka sana aniamini. Nilijisikia nikilirudia, si mimi, mara ya pili, ya tatu, na kila nilipolirudia lilizidi kuonekana uongo, kama herufi iliyopakwa rangi mara nyingi mno. Nyuma yetu yule mzee alikuwa akiomba aongezewe nyama. Nyambura alisimama kwa upole, akaniwekea sahani magotini, akanipa mkono wa kuagana. Niliushika. Kidole changu kidogo, kile kisichokunja, kiligusa kiganja chake kama siku zote kinavyogusa kila anayenisalimu, na nikamwona akikitazama. Hakutazama uso wangu tena. Alikitazama kile kidole kwa muda, kama Misi na kipimo chake, akitafuta kama kweli hakikunji.